Puli ya Kagunga

Kambini, Wilaya ya Kasulu
14 Desemba 1997

Kwa muramu wangu Edson,

Shikamoo. Hiyo shikamoo naiandika kwa kuwa wewe ni kaka mkubwa wa mke wangu, na mama yangu hakunilea kumpita mkubwa kimya. Zaidi ya hapo usitafute heshima katika barua hii. Afya yangu si mbaya. Nina turubai, blanketi moja na mgao wa mahindi. Ninyi huko nyumbani Buzebazeba sijui mko vipi, maana siku kumi na moja zimepita tangu nichukuliwe na hakuna aliyeniletea hata shati.

Askari wa msako wa wakimbizi walikuja moja kwa moja kiwandani kwako Mwanga. Hawakuanza kwa mafundi cherehani wala kwa wauza mitumba, ambako Warundi wamejaa. Walinyoosha mpaka kwenye tanuru la umeme wakauliza, "Egide Ndayikunda ni nani?" Pale Mwanga watu wananiita Fundi Moto. Jina langu kamili walilijua watu watatu tu: Jovita mke wangu, Feliksi tunayeyeyusha naye chuma na kukisubu, na wewe. Jovita hakunisaliti. Feliksi alilia nilipopakiwa kwenye lori. Hesabu ndogo hiyo, muramu.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Nimeandika kwa ajili ya zile puli, magurudumu ya mkanda, za mashine za kusaga. Mwezi wa kumi na moja tulisubu kumi na mbili. Moja ilifungwa Kagunga, ikapasuka ikiwa inazunguka, na kipande chake kikamwua Martini, mwendesha mashine, mbele ya watu waliokuja kusaga. Unajua hayo. Ulinikataza nisiende msibani. Basi bado kumi na moja, na zote zimetoka kwenye chuma kile kile cha siku ile ile. Zinazunguka sasa hivi, na pembeni ya kila moja amesimama mtu.

Zikusanye. Anza kesho. Ukimaliza hilo tutaongea mengine.

Msalimie Jovita na mtoto wetu Regina. Mwambie Jovita nimemwandikia barua mbili.

Muramu wako,
Egide


Mwanga, Kigoma
3 Januari 1998

Egide,

Marahaba. Sisi wazima, na kiwanda kinakwenda. Mvua zinatutesa, lakini Mungu ndiye anayezileta.

Nimesoma matusi yako mara mbili nikajiuliza, hivi huyu ndiye yule aliyeshuka kwenye boti mwaka jana na dada yangu, mtoto na suruali moja, nikampa chumba, kazi na tanuru? Sasa amepata kalamu, amekuwa hakimu.

Nani alikuwa fundi wa tanuru, mimi au wewe? Nani alijisifu kwamba amesubu chuma Bujumbura miaka kumi na minane? Mimi ni mwenye kiwanda. Nanunua, nauza, natafuta wateja. Chuma ulikiyeyusha wewe na ukakimimina wewe. Martini wa Kagunga kafa kwa mikono yako, usitake kuniwekea maiti mgongoni mwangu.

Wimbo wako wa grafaiti, ile kaboni ya kuongeza kwenye chuma chakavu, naujua. Kila mwezi "mzee tuagize grafaiti, mzee ile ya Dar." Reli ilikatika kwa mvua, ulitaka nifanyeje? Niilete kichwani? Yule mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa na magunia yaliyoshuka na meli kutoka Mpulungu. Makaa ya petroli, na grafaiti yako nayo imetokana na makaa ya petroli. Kaboni ni kaboni. Nyeusi ni nyeusi. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni wanataka mashine zao kabla ya Krismasi.

Kuhusu askari: serikali imesema mkimbizi akae kambini. Nenda ukaigombeze serikali.

Jovita ni raia. Hatalala chini ya turubai kwa sababu ya kiburi chako. Na zile barua zako kwake ninazo mimi. Zitakaa hapa mpaka utakapojifunza kunyamaza.

Wako,
Shemeji Edson


Kambini, Kasulu
25 Januari 1998

Muramu Edson,

Shikamoo. Nimepata homa nikapona. Natumaini wewe huumwi, maana nataka uisome hii ukiwa na akili yako timamu.

Unasema nyeusi ni nyeusi. Kaa chini nikufundishe kitu ambacho ungeniuliza kwa upole ningekufundisha tukinywa chai.

Makaa ya petroli ni mabaki ya kusafisha mafuta. Yakiwa mabichi, kama yale ya Mpulungu, yana kaboni, ndiyo, lakini yamebeba salfa nyingi, naitrojeni, na mvuke wa mafuta. Ukiyatupa kwenye chuma kilichoyeyuka, uchafu wote unaingia chumani. Chuma kikiwa maji hakilalamiki. Kikianza kuganda ndipo gesi inatafuta mlango, haipati, inajichimbia mapango humo humo. Nje unaona puli nzuri nyeusi, umeipaka rangi na herufi mbili za jina lako. Ndani imetobolewa kama mti ulioliwa na mdudu.

Ile ya grafaiti ni makaa hayo hayo yaliyopikwa upya kwa umeme, kwenye joto linalokaribia nyuzi elfu tatu. Chuma chetu kinayeyuka kwa nusu ya joto hilo. Kwenye moto wa namna ile salfa hukimbia, naitrojeni hukimbia, majivu karibu yaishe. Kaboni inayobaki hujipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ukiipaka kidoleni inateleza. Ukiisugua kwenye karatasi inaandika kama penseli, ile ya Mpulungu inakwaruza. Na ikiingia kwenye chuma inayeyuka kama sukari kwenye chai ya moto, karibu yote, haibaki juu ikielea. Kidogo tu kinatosha. Hiyo ndiyo iliyokuwezesha kusubu kwa reli mbovu na mabati ya meli, bila kuagiza chuma ghafi kutoka nje. Wewe ukidhani ni uhodari wako wa kutafuta vyuma chakavu! Tena chuma kinapoganda, grafaiti inakipa mbegu nzuri. Kinakuwa cha kijivu, kinakubali kuchongwa, hakikatiki kama kigae.

Nilikueleza haya siku nilipofika. Ulikuwa unatafuna karanga.

Sasa sikiliza. Hapa kambini kuna mashine ya kusaga ya bwana mmoja anaitwa Anatoli. Juzi nimepeleka mahindi yangu, nikainua macho, nikaona herufi zako kwenye puli. Nikamwomba azime injini. Niliigonga kwa kijiti cha chuma. Puli nzima inalia kama kengele, inaendelea kulia mpaka unachoka kusikiliza. Hii ilisema "ko", basi. Nikamwambia Anatoli, "Ondoa hii, itaua mtu." Akacheka. "Mkimbizi wa jana, leo ni injinia? Chukua unga wako, baba, watu wanangoja foleni."

Kina mama wanapanga foleni hatua tatu kutoka kwenye ile puli, wengine na watoto mgongoni.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Mwandikie Anatoli. Barua yako ataiamini.

Na mpe Jovita barua zake.

Muramu wako,
Egide


Mwanga
9 Februari 1998

Egide,

Sisi wazima. Simwandikii mtu yeyote. Nikimwandikia mmoja, kesho wote kumi na mmoja watakuwa mlangoni kwangu, na kesho kutwa polisi. Unataka kiwanda kife, watu tisa warudi kuvua dagaa?

Mashine ya mtu usiiguse. Ukiigusa, ujue hapa Mwanga huna wa kukusemea.

Jovita kaniuliza kama umeandika. Nimemwambia hapana.

Edson


Kambini, Kasulu
5 Machi 1998

Edson,

Leo sina shikamoo.

Mwisho wa mwezi ulifika na hukufanya kitu. Jumamosi saa sita mchana Anatoli alizima injini akaenda kula. Niliingia, nikalegeza nati, nikaivua ile puli, nikaibeba mpaka kwenye jiwe kubwa lililo nje. Kina mama wakapiga kelele. Mmoja, Concilie, tuliyetoka naye wilaya moja kule Burundi, akanishika shati. "Egide we, umerogwa? Tutasagia wapi? Watoto wale nini?" Nilijinasua. Nilikuwa nimeazima nyundo kwa wachimba vyoo. Pigo la kwanza, ufa. Pigo la pili, vipande vitatu.

Puli nzima, Edson, mwanaume anaitwanga mpaka mikono inakufa ganzi.

Anatoli alikuja mbio akanipiga ngumi ya mdomo. Jino moja limekwenda. Walinzi wa kambi wakanichukua, nikakaa ndani siku tatu. Nilipotolewa nilimkuta Anatoli nje ananingoja, nikajua anakuja kumalizia. Alikuwa ameshika kipande. Akakigeuza upande uliovunjika akanionyesha. Vitundu virefu vyembamba, vimepangana kuelekea katikati. Kidole chake kilikuwa kinafuata kimoja kimoja. Akasema, "Mke wangu ndiye anayekaa pale kupokea mahindi." Basi. Akanipa kile kipande, akaondoka.

Kipande hicho ndicho nilichofunga kwenye gazeti pamoja na barua hii. Kiweke mezani unapokula.

Sasa neno gumu, na nimelikwepa tangu Desemba. Siku ile ya kusubu niliona. Yale makaa hayakuzama. Yalielea juu ya chuma, yakatoa moshi na harufu ya kiberiti. Nilijua kabla hata sijalipeleka gunia kwenye mwanga. Nikakugeukia nikauliza, "Mzee, hii ni ile ya Dar?" Ukasema, "Mimina." Nikauliza tena. Ukasema, "Egide, unalala kwa nani?"

Nikamimina.

Sikuvunja hata kipande cha majaribio, kwa kuwa nilijua kitanionyesha nini. Mke wangu na mwanangu walikuwa chini ya paa lako. Hiyo ni sababu, lakini haimfufui mtu. Kwa hiyo uliposema Martini kafa kwa mikono yangu, ulisema kweli, ila ulisema nusu. Mikono ilikuwa minne.

Jana nimemwandikia mjane wake, Veneranda, huko Kagunga. Nimemwandikia yote. Jina langu na lako.

Egide


Mwanga
17 Machi 1998

Umeniua. Umeniua nikiwa hai.

Usiandike tena.


Mwanga, Kigoma
11 Mei 1998

Kwa Egide,

Habari za siku nyingi. Sijui kama bado unapokea barua kwa jina hili au wamekuhamisha. Mimi si mzima sana, mgongo, utajua kwa nini.

Veneranda alikuja. Ilikuwa wiki mbili baada ya Pasaka. Alifika na boti ya asubuhi pamoja na shemeji yake, wakatembea kwa miguu kutoka mwaloni, pale boti zinaposhusha, mpaka kiwandani. Ana mimba kubwa. Hukunitajia hilo, nadhani hukulijua. Feliksi na wenzake walikuwa wanapanga mchanga. Nikamkaribisha ofisini, akakataa. Akatoa barua yako kifuani, imekunjwa mpaka imechanika. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Mwalimu kanisomea. Nimekuja kusikia kwa masikio yangu. Huyu Mrundi anasema kweli?"

Niwe mkweli kwako, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno: huyo mtu ana kisasi, ni mkimbizi, alifukuzwa. Nikafungua mdomo. Yule mama hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamwangalia Feliksi. Na Feliksi alikuwa ameinama chini, machozi yanadondokea mchanga.

Nikasema, "Kweli."

Shemeji yake akanikaba. Walimtoa wenzetu. Veneranda hakupaza sauti. Aliuliza, "Zingine ziko wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi usikae hapa na mimi, nenda." Hivyo tu, kama anayemtuma mtoto kisimani.

Nilikwenda, Egide. Sikufanya kwa ajili yako, usijipakae mafuta. Nimepita Mwamgongo kwa boti, Bitale na Mahembe kwa lori, hata Kalinzi kwenye tope hadi magotini. Kila mahali nimevua puli kwa mikono yangu nikaivunja mbele ya mwenyewe. Wengine walinitukana, mmoja alinifungulia mbwa. Zilikuwa zimebaki kumi baada ya ile uliyovunja wewe. Nimepata tisa. Zote zina vitundu. Ya kumi ilikuwa Kiganza. Nilifika nikakuta imepasuka siku nne nyuma, Jumapili, mashine imewashwa kwa kujaribu tu na watu wako kanisani. Imetoboa ukuta wa matofali ikaanguka shambani kwenye mihogo. Mwenye mashine alinionyesha tundu la ukutani. Nilikaa chini nikashindwa kuinuka. Huo ndio mgongo ninaokuambia.

Polisi nimekwenda mwenyewe. Nimeandika maelezo. Nitaitwa. Jina lako limo, nimesema uliuliza mara mbili.

Halafu hili. Ni mimi niliyekutaja kwenye msako. Nilimwendea balozi wa nyumba kumi, nikampa jina lako lote na saa unazokuwa kwenye tanuru. Niliogopa ungekwenda Kagunga msibani ukasema. Jovita alikuwa ananiuliza kila siku, nami nikasaidia kulaani aliyekutaja. Sikuombi radhi, kwa sababu najua utakachojibu, na mimi ningejibu hivyo hivyo.

Jovita ameziona barua zako. Nilikuwa safarini, akawa anatafuta kadi ya kliniki ya Regina kwenye kabati langu. Niliporudi alikuwa amezipanga mezani kwa tarehe. Hakunitukana. Tangu siku ile hajaniamkia. Amefunga mizigo, Jumatano anapanda basi la Kasulu na mtoto. Nimemwambia yeye ni raia, kule atakaa kwa sheria gani? Akaniambia, "Sheria uliyoitumia kumpeleka mume wangu." Anaibeba barua hii, lakini sijui kama atakupa.

Magunia ya Dar yamefika, reli imefunguka. Nimesugua kwenye karatasi, yanaandika. Nataka kusubu puli kumi na mbili upya niwarudishie wale watu. Feliksi amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza grafaiti iliungua yote juu, mara ya pili chuma kimetoka cheupe, kimevunjika kwenye mchanga kabla hata hakijapoa. Hatujui tunakosea wapi. Naweza kukutafutia kibali ukaja hata wiki mbili. Nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa kambi.

Kama hutaki kuja, tuandikie kipimo.

Shemeji yako,
Edson


Kambini, Kasulu
20 Mei 1998

Edson,

Shikamoo. Jovita na Regina wamefika Jumatano jioni, wamelowa lakini wazima. Barua amenipa. Alikaa kuniangalia nilipokuwa naisoma.

Siji. Kibali usitafute. Tanuru lako sitasimama mbele yake tena, na kwa kunitaja sijakusamehe, wala sijui kama nitakusamehe. Usiniharakishe. Polisi wakiniita, nitakwenda na nitasema yale niliyokuandikia, na la kumimina nitalisema la kwangu.

Kipimo nakiandika, lakini ni cha Feliksi. Mpe karatasi ya pili aisome mwenyewe, usimsomee wewe. Kwa ufupi: anakosea kuitupa juu mwishoni. Grafaiti ikauke kwanza juani, iwe punje, ile ya unga aichekeche aiweke kando. Aiweke chini ya tanuru pamoja na vyuma vya kwanza, iyeyuke navyo. Taka zinazoelea aziondoe kabla hajaongeza kidogo cha mwisho, maana grafaiti ikitua juu ya taka haigusi chuma, inaungua bure. Asiwe na haraka, umeme wa tanuru wenyewe unakizungusha chuma. Kisha asubu kipande kidogo, akipoze, akivunje. Kikiwa cha kijivu, endelea. Kikiwa cheupe au kina vitundu, arudishe chote tanurini, hata kama mteja amesimama mlangoni, hata kama ni wewe umesimama. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwake.

Puli ya kwanza itakayotoka nzima ipelekwe Kagunga. Mashine ile sasa anaiendesha nani sijui, lakini ipelekwe. Veneranda akijifungua, nijulishwe kwa mkono wa Feliksi.

Sitakuandikia tena. Jovita hakutumii salamu, na mimi sitazitunga kwa niaba yake.

Ila Regina amekuuliza. Tangu wafike kila asubuhi anauliza mjomba anakuja lini, maana tangu tufike Kigoma anajua kila tulipokuwa, na wewe ulikuwepo. Ni mtoto wa miaka sita, na mama yake alikuwa ananitazama. Nimemwambia mjomba yuko kazini.

Baba Regina